Mandolini kuukuu huweza kugharimu bei ya nyumba: Wapwani wazijue ala zao kabla ya kuziuza

KATIKA miaka ya 1940, mwanamuziki Mmarekani Bill Monroe alikuwa akipita mjini Miami, jimbo la Florida, alipoiona mandolini kuukuu ikiuzwa katika duka la kinyozi. Akainunua kwa dola 150. Ndani ya tumbo la ala hiyo mlikuwa na karatasi yenye sahihi na tarehe ya Julai 9, 1923. Aliyetia sahihi ni Lloyd Loar, mtaalamu wa sauti aliyeajiriwa na kampuni ya Gibson mjini Kalamazoo, jimbo la Michigan. Kwa mandolini hiyo ya kwa kinyozi Monroe alijenga mtindo mzima wa muziki uitwao bluegrass, na leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Nashville. Dada zake, zile nyingine zenye sahihi ya Loar ambazo hazikupata kushikwa na mpigaji maarufu, huuzwa kwa zaidi ya dola 100,000, yaani zaidi ya Sh12 milioni.

Msomaji wa Malindi, Mambrui, Watamu au Takaungu huenda akauliza habari hizi zinamhusu vipi. Zinamhusu kwa sababu mwambao wetu nao una ala kongwe za nyuzi. Baadhi zimo juu ya makabati, zimefunikwa kwa kanga. Nyingine zimening'inizwa ukutani katika nyumba ambazo babu aliyezipiga amekwisha kufariki na wajukuu hawajui hata majina yake. Tena huu ni mwambao wa watalii, na mtalii anayejua anachokitafuta huweza kuingia katika nyumba kama hiyo, akatoa noti chache, akaondoka na kitu ambacho hakitarudi.

Kwanza tufahamu ni kitu gani huipa ala kongwe thamani, maana wengi hudhani ni umri. Sivyo. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 mandolini ilipendwa mno Ulaya na Marekani, na mafundi wa Napoli na miji mingine ya Italia walizitengeneza kwa maelfu. Hizi ndizo zile zenye mgongo wa mviringo kama kibuyu kilichopasuliwa, uliounganishwa kwa vibao vyembamba vingi. Ni nzuri kuzitazama, mara nyingi zimepambwa kwa lulumizi na magamba ya ng'amba. Lakini kwa kuwa zilitengenezwa kwa wingi, nyingi kati yake leo haziuzwi bei kubwa, hata kama zina miaka 120. Mwenye kuirithi moja asikimbilie kuagiza gari.

Mandolini za Loar ni jambo jingine. Aina hiyo, iitwayo F-5, ilianza kutolewa mwaka wa 1922, na Loar aliondoka katika kampuni mwishoni mwa 1924. Kwa hiyo zilitengenezwa kwa muda mfupi tu, na zinazojulikana leo ni mia kadhaa. Wakati huo zilikuwa ghali, kati ya dola 200 na 250, na mandolini yenyewe ilikuwa imeanza kupoteza wapenzi, hivyo hazikupata wanunuzi wengi. Kilichozitofautisha ni kwamba mafundi waliacha umbo la kibuyu, wakachonga uso na mgongo kwa mpindo mdogo kama fidla, wakatoboa matundu mawili marefu badala ya moja la duara, na kila ubao ukarekebishwa unene kwa kusikiliza mlio wake. Sauti yake ina ukali unaoweza kusikika juu ya gitaa na banjo bila kipaza sauti. Uchache, ufundi na ushahidi wa karatasi ile ya sahihi ndivyo vilivyoungana kuzaa bei tuliyoitaja. Karatasi ikikosekana, hata ala iwe halisi, bei huporomoka.

Jina pekee pia haliuzi kama hakuna ushahidi. Antonio Stradivari, fundi mashuhuri wa fidla wa Cremona, alitengeneza pia mandolini, na moja yake ya mwaka wa 1680 imehifadhiwa katika makumbusho ya ala za muziki huko Vermillion, jimbo la South Dakota, Marekani. Ni mojawapo ya chache mno zilizosalia. Lakini fidla zenye karatasi iliyochapishwa jina lake zimejaa kote duniani, na karibu zote ni za viwandani.

MANDOLINI MWAMBAONI

Ni kinaya kwamba Malindi, mji ambao Kiitaliano husikika sokoni na katika mabango ya hoteli, hauhusishi mandolini na Waitalia. Waitalia wengi walianza kuja kuanzia miaka ya 1960, walipojenga kituo cha kurushia setilaiti cha San Marco kaskazini mwa mji, katika ghuba ya Ungwana. Setilaiti ya kwanza kurushwa kutoka jukwaa lake baharini iliondoka Aprili 1967. Ala hii yenye asili ya nchi yao, hata hivyo, iliingia masikioni mwa Waswahili kwa mlango mwingine kabisa: taarabu, na kwa kiasi kikubwa filamu za Kihindi.

Mandolini ina nyuzi nane zilizopangwa mbili mbili, na sauti za jozi hizo nne ni zilezile za nyuzi nne za fidla. Mpigaji wa fidla anayeishika kwa mara ya kwanza tayari anajua vidole viende wapi. Ndiyo maana katika vikundi vya taarabu, ambako fidla ilikuwa imekwisha kuzoeleka, mandolini ilipata kiti kwa urahisi. Inapopigwa kwa harakaharaka, waya mbili za sauti moja hutoa mtetemo ambao hujaza nafasi iliyoachwa na mwimbaji anapovuta pumzi.

Lakini ina mpaka wake. Shingo ya mandolini imevukwa na vijiti vyembamba vya chuma vinavyoikata sauti katika hatua zisizobadilika. Udi hauna vijiti hivyo. Mpigaji wa udi huweza kutelezesha kidole hadi zile sauti za katikati ambazo muziki wa Kiarabu huzihitaji, na ambazo mandolini haiwezi kuzitamka. Marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyeishi Mombasa na kufariki mwaka wa 2016, alikuwa bingwa wa udi kwa njia hiyo, na mwenye masikio hutambua mara moja kwamba ile milio yake isingepatikana penye vijiti.

Upande wa pili ni taarabu ya mahadhi ya Kihindi, ambayo gwiji wake alikuwa mzaliwa wa Malindi, marehemu Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka wa 2014. Nyimbo za filamu alizotoholea mashairi ya Kiswahili zilitoka katika nchi ambayo mandolini imezoeleka sana studioni. Laxmikant, mmoja wa wale watungaji wawili wa Bombay waliojulikana kama Laxmikant-Pyarelal, alianza akiwa mpigaji wa mandolini. Na vijana waliotazama filamu ya Dilwale Dulhania Le Jayenge ya mwaka wa 1995 wanaikumbuka ala aliyoibeba Shah Rukh Khan, ingawa wengi huiita gitaa.

Pamoja na mandolini kuna binamu yake ambaye ni wa ajabu zaidi, taishokoto. Ala hii ilibuniwa mjini Nagoya, Japani, mwaka wa 1912 na Goro Morita. Jina lake linatokana na enzi ya mfalme Taisho iliyoanza mwaka huohuo, na koto, kinanda cha jadi cha Wajapani. Ni sanduku refu lenye nyuzi, na juu ya nyuzi hizo kuna vitufe kama vya mashini ya taipu. Mkono wa kushoto hubonyeza vitufe, wa kulia hukwaruza nyuzi. India huitwa bulbul tarang. Mombasa ilipokewa kana kwamba imezaliwa hapo, na katika nyimbo za Zuhura Swaleh mlio wake mkali ni sehemu ya utamu wenyewe. Kwao Japani ala hii si adimu wala si ghali. Huku kwetu, taishokoto iliyopigwa katika harusi za mwambao kwa miaka arobaini ni kitu adimu, kwa kuwa wapigaji wake wanahesabika na hakuna duka linalotengeneza vitufe vyake vinapovunjika.

KINANDA CHA KALE

Hadi hapa tumezungumzia ala zilizotoka viwandani. Ya thamani zaidi, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni ile ambayo haikutoka kiwandani popote: gambusi, ambayo huitwa pia kibangala. Huchongwa kutoka gogo moja, tumbo na shingo bila kiungo, kisha tumbo hufunikwa kwa ngozi badala ya ubao. Ndugu zake ni qanbus ya Yemeni na gabusi ya Visiwa vya Ngazija, na safari yake katika bahari hii ni safari ya majahazi. Kabla ya watu kuutumia mwandani wa kanisani au sahani za santuri, neno kinanda katika Kiswahili cha kale lilimaanisha ala ya nyuzi ya namna hii, na ndiyo sababu washairi wa kale walizungumza juu ya gungu na kinanda kwa pamoja.

Gambusi haina karatasi ya sahihi tumboni. Haina nambari wala jina la fundi. Thamani yake yote imo katika maneno: nani aliichonga, nani aliipiga, ilipigwa wapi, ilirithiwa na nani. Maneno hayo yakikatika, kilichobaki ni gogo lenye ngozi iliyopasuka, na mnunuzi atalilipia kama gogo. Ndiyo maana kifo cha mzee anayejua habari za ala huathiri bei yake kuliko mchwa.

Mwambao huu umepata kupoteza ala nyingine kubwa kuliko zote hizo bila hata kuuziwa mtu. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mnamo Aprili 1498, mmoja wa watu waliokuwa katika msafara wake aliandika jinsi mfalme wa mji alivyotoka na wapiga tarumbeta, na miongoni mwa ala hizo zilikuwamo pembe mbili za ndovu zilizochongwa kwa nakshi, zenye urefu wa mtu mzima, zikipulizwa kupitia tundu la ubavuni. Kila msomaji wa Pwani atazitambua mara moja kuwa ni siwa. Siwa ya pembe ya Pate, yenye urefu unaozidi mita 2, na ile ya shaba nyeupe na nyekundu iliyoyeyushwa ya Lamu ndizo zinazojulikana zaidi leo, na zimehifadhiwa kwa kuwa wenyeji walizitambua kuwa ni alama ya dola na wala si bidhaa. Watalii hupelekwa kuutazama mnara wa Vasco da Gama ufuoni. Hawaambiwi kwamba aliyeujenga alipokewa na muziki huo.

FUNZO LA VIGANGO

Anayedhani kwamba biashara ya vitu vya kale haiwezi kuufikia mwambao wa Kilifi na ayatazame yaliyovipata vigango. Si ala za muziki, lakini njia ya biashara ni ileile.

Kigango ni nguzo ya mti mgumu, iliyochongwa kichwa cha duara na kiwiliwili chenye nakshi za pembetatu, ambayo Wagiriama na jamii nyingine za Mijikenda humsimamishia marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima. Haikusudiwi kuhamishwa. Familia ikihama, huiacha mahali pake. Desturi hii ndiyo iliyowarahisishia wezi kazi: nguzo zilisimama katika mahame bila mlinzi. Tangu miaka ya 1970 zilianza kuonekana katika maduka ya vinyago ya watalii, kisha katika majumba ya sanaa ya Marekani, ambako ziliuzwa kwa maelfu ya dola kila moja. Vijana walioziiba walilipwa sehemu ndogo mno ya fedha hizo.

Mwaka wa 1985 mtaalamu wa anthropolojia, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa eneo la Kaloleni akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda mfupi baadaye vyote viwili vikaibwa. Mzee huyo alifariki bila kuviona tena. Mwaka wa 1999 Udvardy alikitambua kimoja katika picha zilizoonyeshwa na mtafiti mwenzake, Linda Giles: kilikuwa katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Illinois. Cha pili kilipatikana katika Chuo Kikuu cha Hampton, jimbo la Virginia. Vyote vilirejeshwa Kenya, na mwaka wa 2007 familia ikafanya sherehe ya kukipokea kigango chake. Katika utafiti walioutoa mwaka wa 2003, wataalamu hao pamoja na Mkenya John Mitsanze waligundua kwamba vigango karibu 300 vilikuwa vimehifadhiwa katika majumba 19 ya makumbusho nchini Marekani. Jumba la makumbusho la Denver lilikubali mwaka wa 2014 kuviachilia 30 lililokuwa navyo, na vilifika nchini mwaka wa 2019.

Kilichovirudisha vile viwili vya Kaloleni ni picha. Mamia ya vingine, ambavyo hakuna aliyevipiga picha vikiwa vimesimama mahali pake, haviwezi kujulikana ni vya boma gani hata pale mwenye kuvishika anapotaka kuvirudisha. Na hiyo ndiyo tofauti kati ya mandolini ya Loar na gambusi ya babu: ya kwanza imezaliwa na cheti chake, ya pili sharti mwenyewe aitafutie.

Sheria nayo yafaa ijulikane, kwa kuwa wengi huitaja bila kuisoma. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka wa 2006 huhesabu kuwa kitu cha kale chochote kinachohamishika, kisichokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa nchini au kuingizwa kabla ya mwaka wa 1895. Kitu cha namna hiyo hakiruhusiwi kupelekwa nje bila kibali. Mandolini ya mwaka wa 1923 au taishokoto ya miaka ya 1950 haingii hapo kwa umri wake peke yake, na mwenyewe ana uhuru wa kuiuza. Gambusi ya karne ya 19 inaingia. Aidha, ala yenye pembe ya ndovu au magamba ya ng'amba hubanwa na mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, hata kama ilitengenezwa Napoli. Mnunuzi anayesema kwamba yeye ataitia tu katika sanduku lake la nguo anajua anachokisema.

Kwa aliye na ala nyumbani, jambo la kwanza ni kuchungulia ndani ya tundu kwa tochi. Kama kuna karatasi, isiguswe wala isipanguswe kwa kitambaa kibichi; ipigwe picha. Jambo la pili ni kujizuia kuipendezesha. Ala nyingi zimeuawa na vanishi mpya kuliko zilizouawa na mvua, kwa maana mnunuzi hulipia ile rangi ya kale, na sauti yenyewe husongwa na tabaka nene. Nyuzi za chuma zilegezwe kama ala haipigwi, kwa sababu gundi ya kale, ambayo ilitokana na ngozi ya mnyama, hulainika katika unyevu wa masika na shingo huanza kuinama. Chumvi ya upepo wa bahari hula waya, na badala ya waya mwembamba wa mandolini watu huweka nyuzi nene za gitaa zinazouvunja uso wake. Isitundikwe kwenye ukuta wa nje unaopigwa na jua la alasiri. Bungua akionekana, na unga wake ni rahisi kuuona asubuhi sakafuni, ala itengwe na samani nyingine mara moja.

Kisha habari zake ziandikwe, kwa jina la mpigaji, mji, kikundi alichokipigia na harusi au sherehe anazokumbukwa nazo, na mwenye kumbukumbu hizo arekodiwe akiwa bado na sauti. Ala ipigwe picha mbele, nyuma na ubavuni, na picha moja zaidi ikiwa mikononi mwa mtu wa familia, nyumbani kwake. Makumbusho ya Taifa ina ofisi katika Makumbusho ya Malindi, katika magofu ya Gede na Mnarani, na Fort Jesus mjini Mombasa, ambako mwenye shaka juu ya umri wa kitu chake anaweza kuuliza kabla ya kupokea noti ya kwanza ya mnunuzi.